Kompyuta Iliyofukizwa Udi

Nyinyi mnaokuja kunisalimia huku Shella ya Malindi na simu zenu mkononi, mkanionyesha picha za prosesa kama watu wanaoonyesha picha za wachumba, nawapenda, lakini mnanichosha. Shikamoo yenu sijaiitikia vizuri, tayari swali limeshatoka: "Hawe, bibi yetu, hii ni nzuri?" Nzuri kwa nani? Nzuri ya kufanya nini? Nzuri ndani ya nyumba gani? Mnanionyesha picha nyingine.

Leo nimekaa barazani. Magoti yamegoma kunipeleka sokoni, upepo wa adhuhuri unainua pazia la mlango na kulishusha, nami nina usingizi ule wa utu uzima, wa kufumba macho huku nasikia kila kitu. Nikiwa hivi ndipo kazi hunirudia. Hairudi kwa mpangilio. Naona mikono ya marehemu Fundi Athumani, naona vumbi la feni, nasikia mlio mfupi wa kompyuta inayowaka kwa mara ya kwanza, mlio tuliokuwa tukiungoja tumeshika pumzi. Nitawaambia kama yanavyokuja. Mkitaka mpangilio, nendeni mkatazame video zenu.

Fundi Athumani alikuwa mtu wa mtaa huu huu, fundi wa redio kabla hajawa fundi wa kompyuta. Mimi nilitoka Ganze msichana mbichi, nikaja kufagia duka lake. Kwa kuwa sikuweza kufagia chini ya kitu bila kuuliza kazi yake, alichoka kunijibu akaamua kunifundisha. Akiletewa kazi ya kuunda kompyuta mpya, alikuwa na desturi yake: vipande vyote vinapangwa juu ya mkeka, bisibisi haiguswi, naye anakunywa kahawa chungu akivitazama tu. Wateja walidhani amelala macho wazi.

"Fundi, hatuanzi?" nikimuuliza.

"Tumeshaanza, Kadzo. Naangalia kama wataelewana."

Wanangu, ufundi wote uko hapo. Nyinyi mnachagua prosesa kwanza kwa kuwa ndiyo yenye sifa, halafu mnatafuta vingine vya kuizunguka. Lakini prosesa, kile kijiwe kinachofikiri, hukaa juu ya bodi, ile sahani pana inayobeba kila kitu, na kila bodi ina soketi ya aina yake. Hata za kampuni moja, ya kizazi hiki haikai kwenye soketi ya kizazi kile. Na hata ikikaa, bodi iliyotengenezwa kabla prosesa hiyo haijazaliwa huenda isiitambue mpaka uibadilishie programu yake ya ndani. Nimeona watu wazima wakilia dukani kwangu kwa sababu hiyo. Soma kwanza, ununue baadaye.

Memori nayo ina pengo kwenye meno yake, na pengo hilo halikuwekwa kwa urembo. Aina moja pengo liko hapa, nyingine liko pale. Ikikataa kuingia, usiisukume kwa dole gumba ukisema bismillahi. Itoe, uitazame. Kijana mmoja wa Kilifi, mwenye misuli, aliniletea bodi iliyopasuka akaniambia, "Fundi, ilikuwa ngumu kidogo." Nilimwambia akawe mbeba magunia, kwa kuwa hapo nguvu zake zingepata shukrani.

Wala msidhani wakubwa hawakukosea. Kuna mteja aliyekuwa na ofisi ya kukodisha nyumba za wageni, alitaka kompyuta ya haraka haraka. Fundi Athumani akanunua kipozaji kikubwa, lile bonge la chuma linalokaa juu ya prosesa kuiondolea joto, na kumbe ni kirefu kuliko upana wa kasha. Kifuniko hakikufunga. Mteja akasema si neno, ichukuliwe hivyo hivyo wazi. Basi mjusi akaona nyumba imejengwa: ina joto, ina giza, ina taa ndogo ya kijani inayoita mbu. Akahamia. Siku alipolala mahali pasipofaa, ofisi nzima ilizimika umeme, na mjusi tukamtoa kwa kibanio. Tangu hapo fundi hakununua kipozaji bila kupima kasha kwa utepe wa fundi cherehani.

Na sisi wa pwani tuna adui wetu, hewa. Inabeba chumvi hata kama huioni bahari. Kompyuta ya Malindi ikigoma asubuhi bila sababu, msikimbilie kununua. Izimeni, chomoeni memori, sugueni meno yake ya rangi ya dhahabu polepole kwa ufutio wa penseli, mpanguse, mrudishe. Mara nyingi itaamka. Nilijipatia jina kubwa hapa mjini kwa ufutio, na sikumwambia mtu.

Lakini mkiniuliza ni kompyuta gani naiota nikifumba macho hapa, ni moja tu. Ni ya Mambrui, na ilikuwa ya Maalim Sefu.

Mkewe, Bi Rukia, ndiye aliyekuja dukani, mwaka wangu wa mwisho wa kazi. Mwanamke mnene, mwenye buibui safi na sauti ya kuamrisha. Alikaa kabla sijamkaribisha.

"Wewe ndiye Fundi Kadzo?"

"Ndimi, bibi. Starehe."

"Nataka kompyuta isiyo na sauti."

Nikamwambia kompyuta yoyote ukiondoa spika haina sauti. Akanitazama kwa huruma, kama mtu asiyeelewa kazi yake.

"Si sauti hiyo, mwanangu. Nataka isipumue."

Hapo ndipo aliponieleza. Mumewe alikuwa msomaji wa kasida, na watu wa Mambrui walimjua kwa koo lake kabla hawajamjua kwa sura. Sasa koo hilo lilikuwa na uvimbe. Madaktari wa Mombasa walisema zoloto litatolewa lote, na sauti itakwenda nalo. Kabla ya siku hiyo alitaka kuzirekodi kasida zake. Simu walikuwa wamejaribu, lakini sauti ikipanda simu inakwaruza. Mwanafunzi wake wa zamani aliyeko Maskati akamtumia maikrofoni nzuri ya kuchomekwa kwenye kompyuta, nzuri mno, kwa kuwa ilisikia kila kitu. Wakaazima kompyuta ya jirani, na nyuma ya kila kasida kukawa na feni inayovuma kama lori limesimama nje.

"Maneno yamo vitabuni," Bi Rukia akasema. "Hayo hayatupotei. Lakini mahadhi yamo kooni mwake. Mengine alipewa na babake, na hakuna mwingine aliyenayo. Wakilitoa koo wanayatoa na hayo." Kisha ile sauti ya kuamrisha ikamkatika, akafunika uso kwa ncha ya mtandio.

Nilikwenda Mambrui kabla sijanunua hata skrubu moja. Nawaambia haya mjue: chumba ni kipande cha kompyuta. Nilikaa katika chumba cha ndani walichokichagua, kuta nene, dirisha moja dogo, nikasikiliza. Nilisikia pangaboi likikata hewa, jirani akikuna nazi, mbuzi, na kwa mbali bahari. Ili kurekodi, dirisha lingefungwa na pangaboi lingezimwa. Chumba kingekuwa tanuri. Joto linataka feni ziende mbio, na maikrofoni inataka feni zinyamaze. Hayo mawili hayapatani, na mashine yangu ingekaa katikati yake.

Maalim Sefu aliingia, mrefu, mkavu, kanzu imenyooka. Sauti ya maongezi ilikuwa imebaki mkwaruzo. "Karibu, fundi," akasema. "Usinionee huruma. Nikiimba hutoka vizuri, nikizungumza ndipo hunisaliti." Nikampenda pale pale.

Nilichagua prosesa ya kawaida, isiyokula umeme mwingi, na yenye uwezo wa kuonyesha picha yenyewe, ili nisiweke kadi ya picha. Muuzaji wa Mombasa alinibembeleza kwenye simu ninunue kadi kubwa yenye feni zake. Nikamuuliza kama kasida huonekana. Nikachagua diski isiyozunguka, kwa sababu inayozunguka hunong'ona. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, nilichukua yenye nguvu kuliko mahitaji, maana isiyotumikishwa sana haiwashi feni yake ovyo. Halafu kipozaji: bonge zito la chuma lenye mapezi mengi na feni moja pana, ya kuzunguka taratibu. Kasha nilipima kwa utepe wa cherehani, na nilimkumbuka mjusi.

Hata hivyo vipande vilipofika, memori zilikuwa za mapambo, na taa za rangi na vilemba vya bati juu yake, zikagonga chini ya kipozaji. Sikuagiza hizo, muuzaji alinipa heshima nisiyoihitaji. Maalim alikuwa amekuja dukani kushuhudia, akainama kutazama.

"Zivueni taji," akakwaruza. "Hapa hakuna sultani."

Tulizirudisha, zikaja fupi. Niliiwasha kompyuta dukani, nikaweka sikio. Nikazima feni ya duka, nikaweka sikio tena. Maalim akaweka lake upande wa pili, na tukawa tumeinamia kasha, vichwa vikikaribia kugusana, tukisikiliza kitu ambacho hakikuwepo. Alitabasamu. Sijapata kulipwa vizuri zaidi ya tabasamu lile.

Tukaipeleka Mambrui. Lakini koo lilivimba wiki ile ile, daktari akamkataza kuimba mpaka litulie. Kompyuta ikakaa chumbani ikingoja. Siku zikapita, na tarehe ya kwenda Mombasa ikakaribia. Koo lilipotulia, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya safari, Bi Rukia alinipigia simu. Hakunisalimia.

"Fundi, ile mashine inalia."

Nilifika nikaisikia kutoka mlangoni. Feni ilikuwa ikikoroma. Nikafungua kifuniko, na harufu iliyotoka humo ndani, wanangu, ilikuwa ya arusi. Mapezi yote ya kipozaji yalikuwa na utando wa rangi ya kahawia, unaonata, na vumbi limeshikamana nao kama sufi. Nikavuta pua mara mbili.

"Bi Rukia, mashine hii mumeifukiza?"

"Naifukiza, ndiyo. Kitu kipya kiingie nyumbani mwangu kikae hivi hivi?"

"Mara moja?"

"Mara moja kwa nini? Kila nikifukiza kanzu za Maalim, naweka na chetezo hapa chini yake." Akaonyesha mahali penyewe, chini ya matundu ya kuingizia hewa.

"Bibi, mashine hii inavuta pumzi."

"Basi si vizuri? Inukie mpaka moyoni."

Mimi nina ulimi mkali, na mtaani wananijua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nilimwona jinsi alivyoitazama ile kompyuta, kwa adabu, kama kitu kilichobeba roho ya mumewe, na udi ule ulikuwa udi wa gharama, wa siku kuu. Hakuchoma ubani wa kawaida. Nikaomba spiriti na pamba.

Nilisafisha mpaka alasiri. Mapezi yalitakata, lakini feni ilikuwa imekwisha kumeza mafuta ya udi mpaka kwenye mhimili wake, na kila ilipozunguka ilikwaruza. Feni ya kipimo kile haikuwepo Malindi. Iliyokuwepo ilikuwa ndogo, ya pini tatu, na kwenye bodi ile ingezunguka kwa nguvu zote tangu mwanzo mpaka mwisho. Ya sawasawa ingetoka Mombasa, na ingefika wao wakiwa wameshakwenda huko. Nilimweleza Maalim hivyo hivyo, bila kupunguza.

"Na bila feni?" akauliza.

Nikafikiri. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujizima yenyewe ili isiungue. Bonge lile la chuma lingeweza kuibeba kwa muda, kwa kuwa nilichagua prosesa isiyo na pupa. Kwa muda gani, ndani ya chumba kilichofungwa, sikujua. Ikijizima katikati ya kasida, kasida hiyo ingekatika, na yeye hakuwa na koo la kurudia rudia.

"Tutajaribu," nikasema. Nikaing'oa feni.

Tulifanya hivi: dirisha linafungwa, pangaboi linazimwa, anaimba kasida moja. Ikiisha tunafungua dirisha, tunawasha pangaboi, na yeye anapumzisha koo huku mashine ikipumzisha chuma. Mimi nilikaa mbele ya skrini nikitazama kipimo cha joto kikipanda na kushuka. Ikawa wakati wake na wakati wa mashine umelingana, wote wawili wakichoka pamoja na kupata nafuu pamoja. Hata leo nikilala mchana huingia mle chumbani. Nasikia ile sauti ikitoka kwa mtu aliyekuwa hawezi kuniambia karibu bila kukwaruza, imesafika kama maji ya mtungi, nami nimebana miguu nisije nikasogeza kiti.

Ya mwisho ilikuwa ile ya babake, ndefu kuliko zote. Hakuwahi kuirekodi popote. Aliianza chini, polepole, na kabla hajafika katikati kipimo kilikuwa kimeshapita mahali nilipokuwa nimeweka alama ya hofu. Nikainua mkono kumwashiria asimame. Aliniona. Akafumba macho, akaendelea.

Nilimgeukia Bi Rukia, aliyekuwa ameketi mlangoni, nikamwonyesha kwa kidole lile bonge la chuma na uso wangu nadhani ulisema yaliyobaki. Mama yule mnene aliinuka bila kutoa sauti hata ya nguo. Akaenda jikoni, akarudi na kipepeo cha ukili, kile cha kupepea makaa. Akapiga magoti mbele ya kasha lililo wazi, akaanza kuipepea kompyuta. Taratibu, mkono laini, kipepeo kisiguse kitu. Kipimo kikasimama. Kikatetemeka pale pale, hakipandi, hakishuki. Mumewe anaimba, yeye anapepea, jasho na machozi yakimtiririka pamoja na hakuna mkono wa kuyafuta. Mimi nilikuwa nalia pia, nawaambia wazi, Mkristo wa Ganze nisiyejua nusu ya maneno yale. Alipofikia mwisho, nikabonyeza kusimamisha. Kipepeo kiliendelea kwenda. Ilibidi nimshike mkono.

Walikwenda Mombasa. Nilimwombea kanisani, wao wakamwombea msikitini, na alirudi akiwa hai, na kitundu shingoni kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe, bila sauti kabisa. Feni ya sawasawa ilikuwa imeshafika, lakini nilisubiri apate nguvu, ndipo nikapanda kwenda Mambrui kuifunga. Kabla ya safari nilikuwa nimemfundisha kutumia ile programu ya kurekodia, kukata sehemu zisizofaa na kubakisha kasida tupu, ili wanafunzi wake wapate kitu safi. Alikuwa ameshafanya kazi hiyo yote, kwa unadhifu kuliko mimi.

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kasha na bisibisi mdomoni. Maalim aliketi mbele ya skrini. Akasogeza mshale, akabonyeza kitu, na kwenye spika ikatoka sauti yake, ule mkwaruzo wa maongezi, si wa kasida: "Rukia! Rukia wee, nipe maji."

"Labeka, naja!" ikajibu sauti ya mwanamke kutoka jikoni.

Nikadhani ni rekodi yote. Nikaelewa kwamba siku ile, katika moja ya yale mapumziko, nilisahau kusimamisha mashine, ikanasa mpaka maongezi yetu. Kipande kama hicho fundi yeyote angekitupa. Yeye alikuwa amekikata vizuri, mwanzo na mwisho, akakihifadhi peke yake. Kisha pazia likainuka, na Bi Rukia akaingia kweli, mikono imelowa, na gilasi ya maji.

Maalim akaipokea, akanywa funda dogo, akaiweka mezani. Pale mezani palikuwa na gilasi nyingine, bado imejaa.

"Maskini, ana kiu sana siku hizi," nikasema.

"Hana kiu," Bi Rukia akanijibu, akijifuta mikono kwenye leso, na uso wake umejaa nuru. "Ananiita tu."